Kiatu Tegemezi

Mwanzoni mwa muhula klabu moja ya mbio ya wanafunzi ilibandika tangazo ubaoni. Sitaitaja jina, kwa kuwa walioliandika ni wenzetu na nia yao ilikuwa njema. Tangazo lilisema mazoezi ya asubuhi yako wazi kwa kila mwanafunzi "mwenye viatu tegemezi vya kukimbilia". Sisi tunaosoma Kiswahili tulicheka. Darasani tumefundishwa kwamba kishazi tegemezi ni kile kisichoweza kusimama peke yake. Mwandishi alitaka kusema kiatu kinachoushikilia unyayo, akaishia kutangaza kiatu kinachohitaji kushikiliwa.

Kicheko hakikudumu. Baadhi ya wenzangu waliokuwa wameanza kukimbia na raba zao za turubai walisoma mstari ule na kubaki kitandani. Wengi wao ni wasichana. Msichana anayetoka alfajiri tayari ana maneno ya barabarani ya kukabiliana nayo. Tukimwongezea na ukaguzi wa miguu, tumemfungia mlango. Ndiyo maana naandika. Sharti lile halina msingi wa kutosha wa kumzuia mtu yeyote kuanza, na ningependa liondolewe, hapa kwetu na popote linaporudiwa na wahadhiri wetu kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Mafundisho yenyewe yanakwenda hivi. Mguu unapotua chini, unyayo hulalia kidogo upande wa ndani. Hilo ni la kawaida kwa binadamu. Kwa wengine hulalia zaidi, hasa wenye nyayo bapa. Mbio za kujifurahisha zilipoenea Marekani na Ulaya katika miaka ya 1970 na 1980, wakimbiaji wakaanza kugawanywa kwa makundi: mwenye upinde wa juu apewe kiatu laini, mwenye upinde wa wastani apewe cha kawaida kilichoimarishwa kidogo, na mwenye nyayo bapa apewe kiatu chenye soli ngumu zaidi upande wa ndani, ili mguu usilale. Ukitaka kujua kundi lako, lowesha mguu, kanyaga sakafu kavu, kisha tazama alama. Mpango huu unavutia kwa sababu unaeleweka kwa dakika moja, na muuzaji anayeujua huonekana kama daktari.

Je, ulipimwa? Ulipimwa, tena mahali pazuri pa kupimia. Kambi za mafunzo ya jeshi zina vijana wengi wanaokimbia umbali uleule kwa ratiba ileile. Kuanzia 2009 Joseph Knapik na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa maelfu ya kuruta wa Marekani: jeshi la nchi kavu, jeshi la anga na kikosi cha wanamaji. Fungu moja la kuruta lilipewa viatu kulingana na umbo la unyayo. Fungu la pili lote lilipewa kiatu cha aina moja bila kujali umbo. Mara zote tatu, kuchagua kiatu kwa kuangalia upinde wa unyayo hakukupunguza majeraha kwa kiasi cha maana.

Mtu atasema kuruta si mwanafunzi anayekimbia kwa afya yake. Sawa. Basi twende Denmark, ambako watafiti walifuatilia watu 927 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kukimbia, na matokeo yakatoka 2014. Wote walipewa kiatu cha kawaida kisicho na kitegemeo chochote cha ndani, hata wale ambao unyayo wao unalala. Kwa mafundisho ya tangazo letu, hao wa nyayo za kulala walipaswa kuumia kuliko wengine. Hawakuumia kuliko wengine.

Sitaficha utafiti unaonipinga. Luxembourg mwaka 2016 walichapisha jaribio la wakimbiaji 372, na humo kiatu chenye soli ya kuzuia mguu kulala kilihusishwa na majeraha machache, hasa kwa wale wenye unyayo unaolala sana. Kwa hiyo mwenye nyayo za namna hiyo, mwenye fedha, na ambaye amekwisha kuumia mara mbili tatu, ana sababu ya kukijaribu. Lakini ona umbali uliopo kati ya "huenda kikawasaidia baadhi ya wakimbiaji" na "asiyekuwa nacho asije". Sentensi ya kwanza ni ya mtafiti. Ya pili ni ya askari wa getini.

Kuna kambi ya upande wa pili, nayo siiungi mkono. Hao husema tupa viatu kabisa, Mwafrika alizaliwa kukimbia pekupeku, na hapo hapo humtaja Abebe Bikila wa Ethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli alishinda. Ni kweli pia kwamba mwaka 1964 huko Tokyo alishinda tena, akiwa amevaa viatu, kwa muda mzuri kuliko wa Roma. Kila kambi huchukua nusu ya maisha yake. Husema vilevile kwamba anayekimbia pekupeku hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na kwamba huko ndiko kutua kwa asili. Utafiti wa 2010 uliowahusu wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya uliwapa nguvu. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walikwenda kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliozoea kutembea bila viatu tangu utoto, wakakuta kwamba kwa mwendo wa kawaida wengi wao hutua kwa kisigino. Na kampuni ya Vibram, iliyouza kiatu chembamba chenye vidole vitano kwa kudai kwamba kinaimarisha miguu na kupunguza majeraha, ilikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wanunuzi wa Marekani waliosema madai hayo hayakuwa na ushahidi. Mmoja anauza soli nene, mwingine anauza soli nyembamba, na wote wawili wanahitaji uamini kwamba tatizo lako liko chini ya kisigino.

Sasa nirudi kwetu Rusizi, kwa sababu tangazo lile lingeandikwa Paris lingekuwa upuuzi mdogo. Likiandikwa kwetu linakuwa upuuzi mkubwa. Natoka Kamembe. Sisi tuna neno la viatu vilivyokwisha kuvaliwa na wengine: caguwa. Ni Kiswahili chetu kilichovaa tahajia ya Kinyarwanda, "chagua", sauti ya mchuuzi aliyefungua robota na kuwaita watu wapekue. (Kwa wanaotafuta mada ya tasnifu: neno la kuamuru limekuwa jina la bidhaa, na lugha iliyolikopesha hailitumii hivyo kwa kiwango hicho.) Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba. Mwaka huohuo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.2 hadi dola 2.5 kwa kilo, na viatu vikapandishiwa zaidi ya nguo. Marekani ilipokasirika, jirani zetu walirudi nyuma. Rwanda haikurudi, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa msamaha wa ushuru katika soko la Marekani. Sibishani na sera hiyo; nchi inayotaka kuvaa inachoshona ina haki yake. Nasema tu kwamba yeyote anayetaka raba ya kukimbilia Kamembe leo anajua uchaguzi wake: kipya cha bei nafuu kisichojulikana kimetengenezwa na nani, au caguwa kwa bei ambayo si ya caguwa tena. Duka lenye mtu wa kukutazama unavyokimbia na kukuchagulia soli, mimi sijaliona, si Kamembe wala ng'ambo ya mto huko Bukavu.

Tena kile kiatu tegemezi chenyewe, kikifika kwetu kimechoka. Sponji ya soli hukandamizwa kwa kilomita nyingi alizokimbia mwenye nacho wa kwanza, na hukandamizwa kwa namna ya mguu wake yeye. Upande mgumu unaweza kubaki mgumu wakati ule mwingine umekwisha, ukavaa kiatu kinachokupindisha badala ya kukuweka sawa. Kiweke juu ya meza, kitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, kirudishe kwenye robota hata kama jina lililoandikwa ubavuni ni kubwa. Kikunje: kipindike penye vidole, si katikati. Bonyeza sponji kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo ya nyufa, kilichobaki ni umbo tu.

Baada ya hapo, mambo ya kuangalia ni machache na hayahitaji mtaalamu. Jaribu kiatu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku. Vaa vyote viwili, maana miguu yetu hailingani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, la sivyo ukishuka mlima kucha zitageuka nyeusi. Vidole vipate kutanuka. Kisigino kisichomoke. Kisha kimbia hatua ishirini palepale sokoni, wacha watu wacheke, ujiulize kama kinakuuma au kukubana popote. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, aliyetumia maisha yake kuchunguza viatu vya michezo, alipendekeza mwaka 2015 kwamba kustarehe kwa mguu wenyewe ndiko kuwe kigezo cha kuchagulia. Mzee mmoja muuza viatu wa kwetu amekuwa akisema hivyohivyo siku zote, ila yeye hakuchapisha.

Raba ya turubai ikipita mtihani huo, inatosha kuanzia. Kinachowaumiza wanaoanza ni kukimbia kupita kiasi mapema mno, na hili tangazo halikulitaja hata kwa neno moja. Moyo na mapafu huzoea kwa wiki chache. Kano na mifupa huhitaji miezi. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo mwanafunzi anapohisi ana pumzi, anaongeza umbali mara mbili, na muundi unaanza kuuma. Kisha husema ni viatu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali. Dakika hizo zinaweza kuanza kwa kutembea haraka. Kigali ilipoanzisha siku isiyo na magari mwaka 2016, watu walijaa barabarani kwa siporo rusange, wakapimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo. Walipimwa damu, soli hazikupimwa.

Kwa hiyo anayeanza Kamembe asishuke kuelekea mpakani siku ya kwanza. Kushuka hakuchoshi mapafu, na mtu hudhani amefaulu, kumbe kila hatua paja linazuia uzito wa mwili mzima, na kurudi ni mlima mtupu. Atafute kipande cha barabara kisicho na mteremko mkali. Atembee dakika tano, akimbie dakika moja kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, atembee mbili, arudie mara sita au nane, siku tatu kwa wiki. Misuli kukaza kesho yake si kitu. Mfupa ukiuma mahali pamoja, hasa akibonyeza kwa kidole, aache na amwone mhudumu wa afya kabla ya kukimbia tena. Wiki mbili zikipita bila maumivu, ile dakika moja iwe mbili. Wenzetu wa Bugarama wana tambarare ambayo sisi hatuna, ila jua la huko ni kali, waondoke mapema kuliko sisi.