Muziki Usiotaka Kusikilizwa

Wako watu wanaoshikilia kwamba muziki wa ambienti, ule wa mitambo ya umeme unaotanda chumbani polepole bila ngoma wala mwimbaji, ni mtoto wa kompyuta. Mimi nasema wamekosea nasaba. Babu yake ni Mfaransa aliyefariki mwaka 1925, Erik Satie, ambaye kompyuta hakuiona hata kwa ndoto.

Satie alikuwa mpiga piano wa vilabu vya Paris. Mwaka 1888 alitunga vipande vitatu, Gymnopédies, vya mwendo wa taratibu na visivyo na haraka ya kufika popote. Baadaye akaja na rai ya ajabu zaidi. Alitaka muziki uwe samani, kwani kiti hukikodolei macho, unakikalia tu. Mwaka 1920 yeye na mwenzake Darius Milhaud waliwatawanya wapigaji katika pembe za ukumbi mmoja wa Paris, wapige wakati wa mapumziko ya mchezo. Watu wakaarifiwa wasiwajali. Wapi! Muziki ulipoanza tu, walirudi vitini wakanyamaza kwa adabu. Satie akawa anazunguka akiwapigia kelele wazungumze, watembee, wasisikilize. Kila nikikumbuka kisa hiki nacheka, maana sijapata kusikia mtunzi mwingine aliyeudhiwa na utulivu wa wasikilizaji wake.

Rai hiyo haikufa naye. Mwaka 1963, huko New York, Mmarekani John Cage aliwakusanya wapiga piano wapokezane ukurasa mmoja wa Satie ulioandikiwa kurudiwa mara 840. Kazi hiyo ilipita saa 18.

Kisha, mwaka 1975, Mwingereza Brian Eno aligongwa na gari mjini London, akawa yu kitandani nyumbani. Rafiki akamletea santuri ya kinubi ya muziki wa karne ya 18. Rafiki alipokwisha kuondoka, Eno alijikokota akaiweka, akarudi kulala. Hapo akagundua kuwa sauti iko chini mno na spika moja imekufa, naye hana nguvu za kuinuka tena. Nje mvua inanyesha. Kinubi na mvua vikachanganyika hata asijue kipi ni kipi. Mwaka ule ule alitoa santuri yake, Discreet Music, na katika maelezo yake alimtaja Satie waziwazi. Upande wa pili aliuchukua Kanoni wa Mjerumani Pachelbel, aliyefariki mwaka 1706, akawagawia wapigaji vipande vyake wavirudie kwa mwendo mbalimbali, mpaka wimbo ukayeyuka kama sukari chaini.

Mwaka 1978 akafuatisha Music for Airports. Katika kipande kimoja, sauti za waimbaji zilitiwa katika tepu zilizoungwa mwisho kwa mwanzo. Moja hurudi kila sekunde 23 na nusu, nyingine karibu kila 26, nyingine karibu kila 30. Ni kama madau yaliyofungwa bandari moja, kila moja na urefu wa kamba yake. Yatagusana, lakini huwezi kubashiri lini.

Nawasifu watu hawa kwa unyofu wao. Walitamka wazi kwamba waweza kuwapuuza, na wakatunga kwa ajili hiyo. Kinachonikera ni sisi kukifanya samani kitu ambacho hakikutungwa kuwa samani. Taarabu yataka mtu ainuke akatunze. Na kubwa kuliko hilo ni kisomo cha Qur'ani. Siku hizi madukani spika husoma tangu asubuhi, na chini yake watu wanavutana bei, wanateta, wanaapa. Ilhali chuoni tulifundishwa kwamba inaposomwa tunyamaze na kusikiliza.

Najua nitajibiwa kuwa duka lapata baraka. Juu ya baraka sibishani. Nauliza tu ni nani pale anayesikiliza.

Juzi nilimwomba muuza khanga mmoja azime kidogo mpaka tupatane bei. Alinitazama kwa mshangao, akanambia, "Kwani inasoma?" Kisha akaizima.