Vuli Haingoji Mwezi

Kila ifikapo mwisho wa Septemba, mawingu ya Ziwa Viktoria yanapoanza kutanda juu ya vilima vya Bukoba na Muleba, swali la zamani huzuka upya vibanjani: mbegu itiwe ardhini lini? Wapo wakulima wanaotazama kwanza mawingu, na wapo wanaotazama kwanza mwezi. Hawa wa pili mara nyingi huchekwa na vijana waliosoma. Lakini kicheko si hoja. Jambo linalogusa chakula cha familia lastahili kupimwa kwa haki, na wanaopaswa kuwa wa kwanza kulipima ni watumishi wa umma na walimu, ambao wajibu wao ni kuwaongoza wananchi kwa maarifa wala si kwa dharau.

Ni vema ikumbukwe kwamba kupanga kazi za shamba kwa mwezi si desturi ya Mwafrika peke yake. Pliny wa Roma aliandika mashauri ya namna hiyo katika karne ya kwanza. Mwaka 1924 Rudolf Steiner alitoa mihadhara ya kilimo huko Koberwitz, ambamo mwezi na sayari zilipewa nafasi kubwa, na baadaye Maria Thun wa Ujerumani akatunga kalenda ya kupanda ambayo hadi leo hununuliwa na wenye bustani wa Ulaya. Katika falme za Maziwa Makuu, kuandama kwa mwezi kulikuwa na taratibu zake katika makao ya watawala. Kabla ya kalenda ya karatasi kufika, mwezi ndio uliokuwa kalenda ya kila mtu, tajiri kwa maskini. Ndiyo maana katika Kiswahili taa ya usiku na hesabu ya siku thelathini huitwa kwa neno moja.

Tena yapo mambo ambayo mwezi huyatawala kwa kweli. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria hutoka na taa zake siku za giza, na mbalamwezi inapokuwa kali hupumzika, kwa sababu taa yake haishindani na taa ya mbinguni. Mtega senene hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo katika msimu wa Novemba, mwezi ambao Waganda wameuita Museenene kwa heshima ya mdudu huyo. Huko Pwani, wanawake wanaokwenda kuvua pweza na kuokota chaza hujua siku za bamvua na siku za maji mafu bila kuuliza mtu. Wote hao hawaabudu mwezi. Wameona athari yake kwa macho, wakaitumia.

Je, mbegu ya maharage nayo huathirika hivyo? Hapa ndipo hoja inapopungukiwa nguvu. Mwanga wa mwezi mpevu hauzidi sehemu moja katika sehemu 400,000 za mwanga wa jua. Nguvu ya mwezi inayovuta bahari kuu ni hafifu mno hata Ziwa Viktoria, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000, halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Ikiwa ziwa zima halisogei, ni vigumu kudai kwamba unyevu uliomo ndani ya punje moja utasogea. Majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali hayajathibitisha kwamba mwezi huongeza mavuno. Na wenye kushika desturi hii wenyewe hawaafikiani: huyu husifu mwezi mchanga, yule husifu mwezi mpevu.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha hatari yake. Mwezi huzunguka kwa siku 29 na nusu. Mkulima aliyekosa siku aliyoitaka, akaamua kungoja nyingine kama hiyo, amepoteza karibu mwezi mzima. Maharage huhitaji takriban miezi mitatu tangu kupandwa hadi kuvunwa, na vuli nayo ni ya miezi mitatu hivi. Anayetupa theluthi moja ya msimu huyaacha maharage yake yatoe maua na kujaza maganda wakati ukame wa Januari unabisha hodi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu; hawakusema dalili ya mvua ni mwezi.

Wazee wa Pwani walilitambua jambo hili zamani. Miezi kumi na miwili ya kuandama ina siku 354 tu, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kumi na moja. Kwa hiyo mwezi ule ule huangukia masika mwaka mmoja, na baada ya miaka michache huangukia kiangazi. Watu waliofuata mwezi kwa saumu na Idi walitumia mwaka wa jua kwa jembe na kwa jahazi: mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Sherehe ya Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, ni ukumbusho wa hesabu hiyo. Ustadi wao ulikuwa katika kujua saa ipi ni ya kazi ipi.

Huko Kagera, karibu na Ikweta, hakuna baridi kali wala theluji ya kumwonyesha mkulima majira. Mvua ndiyo inayoamua. Ukanda wa ziwa hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kiasi hicho hupungua sana kadiri mtu anavyoelekea magharibi. Kwa hiyo tarehe inayomfaa mtu wa Kaagya huenda isimfae jirani yake wa bara. Mgomba nao, tangu chipukizi hadi mkungu, hupita chini ya miezi mipevu zaidi ya kumi na miwili. Haujali uliandamiwa na upi. Unachojali ni shimo, samadi, matandazo na udongo ulioloa. Hali kadhalika, mnyauko bakteria, ulioingia Kagera mwaka 2006 na kuwaliza wengi wa Muleba, haukusubiri mwezi. Ua dume lazima liondolewe kwa kijiti chenye panda mara mkungu unapomaliza kutoa vichane, na panga lazima lisafishwe kwa moto, iwe giza au mbalamwezi.

Lakini haki ina pande mbili. Mkulima anayengoja mwezi ana mwenziwe anayengoja muhuri. Mbegu bora inayofika kijijini vuli ikiwa katikati, barua ya maelekezo inayosomwa mvua ikiwa imekwisha, fungu la fedha linalopitishwa Juni na kuonekana Desemba: huo nao ni mwezi, tena mwezi wa ofisini, usioangaza hata usiku. Bwana shamba anayemkemea bibi kizee kwa kuchelewa kupanda, ilhali yeye mwenyewe hakumfikishia utabiri wa vuli unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, hana ulimi wa kukemea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia si la mwenye kiti cha kuzunguka.

Walimu nao wana nafasi kubwa. Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilikusudia shamba la shule liwe mahali pa kufikiri, wala si mahali pa adhabu. Matuta mawili yanatosha: moja lipandwe maharage mara udongo unapoloa vya kutosha, la pili lipandwe siku ya mwezi itakayochaguliwa na wazee wa kijiji. Mbegu iwe ile ile, samadi ile ile, palizi ile ile. Kopo la kupimia mvua liwekwe uwanjani, wanafunzi waandike kila asubuhi, na mavuno yapimwe kwa mizani mbele ya wazee hao hao. Zoezi hilo lirudiwe vuli kadhaa, kwa kuwa msimu mmoja si shahidi wa kutosha. Mtoto aliyepima hatamcheka babu yake, na babu aliyeona mizani hatamshuku mwalimu.

Yafaa basi mwezi uachiwe kazi zake: kumwongoza mvuvi, kumpumzisha mtega senene, kuwaita watoto uani kwa hadithi. Kazi ya kupanda iachiwe mvua. Na mwenye dhamana ya mbegu, mbolea na ushauri ahakikishe kwamba wingu la kwanza la Septemba linamkuta mkulima amekwisha kupata haki yake, kwa maana vuli ikishapita haina rufani.