Cheti cha Ukutani Hakimlipi Mstaafu

Ugonjwa wa kuabudu vyeti haujatutoka. Siku hizi umeingia hata katika ofisi zinazoshughulikia mishahara, marupurupu, bima na malipo ya uzeeni, mahali ambapo madhara yake humfikia mfanyakazi mfukoni. Maofisa utumishi wanahimizwa kutafuta vyeti vya kitaalamu vya mafao na ujira kutoka ng'ambo, vinavyolipiwa kwa fedha za kigeni. Mwenye kufaulu huongeza herufi tatu nne nyuma ya jina lake, na cheti kikatundikwa ukutani. Yafaa tuulize bila kuoneana haya: herufi hizo zimemwongezea nini mwalimu anayestaafu?

Kozi zinazovuma zaidi za aina hii zilizaliwa Marekani, na wenyewe waliziunda kwa haja yao. Huko wafanyakazi wengi hupata bima ya afya kupitia kwa mwajiri, na wengi huweka akiba ya uzeeni katika mipango inayofuata kifungu cha 401(k) cha sheria ya kodi, kilichotungwa mwaka 1978. Sheria kuu inayolinda mipango ya namna hiyo ni ya mwaka 1974. Mtaalamu wa Chicago asipoijua, atawatia hasara wafanyakazi wa Chicago. Lakini afisa wa Singida anayeikariri ili afaulu mtihani, hali hajapata kuisoma sawasawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, huyo analima shamba la jirani huku lake likimea magugu.

Wala sisi si watu wasio na sheria. Sheria hiyo ya mwaka 2004 inataja siku 28 za likizo ya mwaka na siku 84 za likizo ya uzazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko unaochangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Sheria ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikazaliwa PSSSF, ambamo mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri asilimia 15. Hayo ndiyo mafao yetu. Asiyeyajua haya, hata awe na vyeti vya kujaza kabati, si mtaalamu wa mafao ya Mtanzania.

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya wivu. Basi na tupige hesabu. Mwalimu amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Wastani wa mishahara yake ya miaka mitatu iliyo bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Kanuni inataka miezi hiyo izidishwe kwa mshahara wa mwaka, kisha igawanywe kwa 580. Kila mwezi unaokosekana katika kumbukumbu unapunguza jibu. Tuseme michango ya miezi 24 haionekani, ama kwa kuwa haikupelekwa, ama kwa kuwa jina liliandikwa vingine. Kwa anayestahili mkupuo wa asilimia 40, ambao huzidishwa kwa 12.5, upungufu huo unamnyang'anya shilingi 2,482,759 za kiinua mgongo. Tena unampunguzia takriban shilingi 24,828 katika pensheni ya kila mwezi, hadi siku anapoingia kaburini. Nani ataigundua miezi hiyo 24? Ni afisa anayelifungua jalada na kulisoma ukurasa kwa ukurasa, wakati mwenye jalada bado yu kazini.

Tulikwisha kupata onyo. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za kulipa mkupuo wa asilimia 25, wafanyakazi walilalamika, na mwezi Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akazisitisha. Mwezi Julai 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza kupandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa katika kundi la asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale wa asilimia 25. Wafanyakazi walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini katika miaka yote hiyo, ni ofisi ngapi ziliwakalisha watumishi wake na kuwapigia hesabu ubaoni? Neno "kikokotoo" lilienea hadi vijiweni. Maarifa ya kukokotoa yakabaki kwa wachache.

Hatusemi kwamba kujifunza ng'ambo ni dhambi. Hesabu za bima na za uwekezaji hazina taifa, na mwenye kuzileta nyumbani anatufaa. Tunachokataa ni kuanzia kwa jirani, na kuyafanya maarifa ya haki za watu kuwa pambo la cheo.

Hatuna budi kubadili utaratibu. Kwanza, asikabidhiwe jalada la mstaafu yeyote ambaye hajapimwa kwa Kiswahili katika sheria zetu, na kipimo kiwe jalada lenye kasoro analotakiwa kulinyoosha. Lugha si kisingizio tena, kwani tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria. Pili, fedha ya umma isimlipie mtu kozi ya ng'ambo kabla hajafaulu kipimo hicho, na akirudi awafundishe wenzake. Tatu, kila mtumishi na kila mwalimu aoneshwe taarifa ya michango yake mara moja kwa mwaka, saa za kazi, pamoja na somo la namna ya kuisoma. Vyama vya wafanyakazi navyo visingoje Mei Mosi.

Atakayesema haiwezekani, na akumbuke mwaka 1973. Kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio, vijitabu na vikundi vya kujisomea vijijini. Ikiwa taifa liliweza kumfundisha mkulima namna ya kuchimba choo na kujikinga na malaria, litashindwaje kumfundisha mwalimu kusoma hesabu ya jasho lake mwenyewe?