Umebadilisha injini? Na kitabu je?

Subaru yako ikinguruma Thika Road, mtaa mzima unajua ni wewe. Poa. Lakini ile injini uliyofungiwa kule Grogan ina nambari yake, na nambari hiyo haimo kwenye kitabu cha umiliki wa gari. Hapo ndipo pana shida.

Hakuna anayekukataza kupaka gari rangi mpya. Unachotakiwa ni kuijulisha NTSA ukibadilisha rangi, injini au bodi, gari likaguliwe, kisha rekodi zirekebishwe. Maombi unaanzia kwenye eCitizen, simu tu mkononi.

Sasa chukulia injini hiyo ilichomolewa kwenye gari la wizi. Polisi wakiisoma nambari, atakayejieleza si fundi, ni wewe. Una risiti? Wengi hawana, maana bei ilikuwa ya kishikaji. Bima nayo, siku ya ajali, ikikuta gari silo lile ililoandikisha, usishangae wakianza kukuzungusha. Na mnunuzi mjanja atafungua boneti kabla hajatoa hata shilingi.

NTSA nayo tunaiambia hivi: kijana anayejileta mwenyewe asipigwe danadana kama mhalifu.