Jumuiya Imsaidie Mama wa Mtoto Mwenye Ulemavu

Safari hii nataka tuzungumze juu ya wazazi Wakristo wenye watoto walio na ulemavu. Sisemi juu ya ugonjwa peke yake. Nasema juu ya jirani anayekaa benchi moja na mama huyo siku ya Jumapili, na kazi ambayo jirani huyo anaweza kuifanya kuanzia Jumatatu. Nawaandikia Wakristo kwa sababu ndio wengi katika kijiji ninachofanyia kazi ya uganga. Ndugu zangu Waislamu wataona wenyewe yanayowafaa.

Makanisa ya nchi hii yamewasaidia watu wenye ulemavu kwa miaka mingi. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na mwaka huo huo Walutheri walianzisha shule ya wasioona Irente, Lushoto. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini shule hizo zilianzishwa kwa ajili ya mtoto asiyeona au asiyesikia, tena aliyefikia umri wa kusoma. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hawezi kukaa wala kushika kijiko, mara nyingi yuko nyumbani, mgongoni mwa mama yake. Akiwa na mwaka mmoja hakuna anayeshangaa, maana kila mtoto hubebwa. Akifika miaka minane mgongo wa mama umechoka. Ndipo mama anapoacha kuja kliniki, na kanisani pia.

Hapo watu husema amepoa katika imani. Si kweli, amechoka kubeba. Pengine amechoka pia kuulizwa walitenda kosa gani hata wakazaa mtoto wa namna ile. Mkristo anayeuliza hivyo na asome Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali hilo hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye alikataa kumtia hatiani yule mtu au wazazi wake. Mimi naongeza la kiganga. Mtindio wa ubongo hutokea ubongo wa mtoto unapoumia au usipokua sawasawa, ama tumboni, ama wakati wa kuzaliwa, ama katika miaka ya mwanzo. Mtoto anaweza kukosa hewa uzazi ukiwa mgumu. Anaweza kupata umanjano mkali siku za mwanzo, au kuugua malaria ya kichwani au homa ya uti wa mgongo. Safari nyingine hata daktari haoni chanzo. Hakuna hapo habari ya mama kutembea nje ya ndoa, wala ya baba kutafuta mali kwa dawa. Maneno hayo yamewakimbiza akina baba, na baba akishaondoka, mama hubaki na mtoto, shamba, na midomo ya watu.

Watu wengi wakisikia neno msaada hufikiri jengo na wafadhili. Mimi naona tunaanzia mbali mno. Kanisa lina kitu kilicho karibu zaidi, nacho ni jumuiya ya nyumba kumi au kumi na tano zinazokutana kila wiki kusali. Jumuiya ikisikia msiba, huchanga. Ikisikia harusi, huchanga. Nyumba yenye mtoto mwenye ulemavu haina siku moja ya tukio, ina kila siku, na labda ndiyo maana tunaisahau.

Basi jumuiya ipange zamu. Watu wawili waende nyumba hiyo siku moja kwa wiki, mmoja akae na mtoto, mwingine amsaidie mama palizi. Lakini kukaa na mtoto huyu ni kazi ya kujifunza, hasa kumlisha. Asilishwe akiwa amelala chali, maana chakula kitapita njia ya hewa, apaliwe, na baadaye augue kichomi. Alishwe amekaa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kwa uji mzito au chakula kilichopondwa. Kijiko kiwe kidogo, na mlishaji asubiri mtoto ameze kwanza. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Mama mwenye watoto wengine wanne ataipata wapi saa hiyo mara tatu kwa siku? Wengi wa watoto hawa wanakonda kwa kukosa mtu mwenye nafasi ya kuwalisha.

Fundi seremala wa usharika naye ana kazi. Kiti chenye mgongo mrefu, mbao za ubavuni, mkanda wa kitambaa na meza ndogo mbele hakimshindi. Ila kwanza aonane na mtaalamu wa viungo, kwa kuwa kiti kisichomfaa mtoto humpinda zaidi. Sadaka nayo iwe nauli. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo hufungwa plasta tangu wiki za kwanza, na plasta hubadilishwa kila wiki. Nauli ikikosekana, tiba hukatika.

Maombi siyapingi, hata mimi huomba. Ninalolipinga ni mhubiri anayemwambia mama aache vidonge vya kifafa ili aonyeshe imani. Nimewahi kuletewa usiku mtoto aliyeachishwa dawa hivyo, degedege likifuatana bila kukoma. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla mtoto anaweza kufa. Mchungaji au padri anayesikia mafundisho hayo mtaani kwake asinyamaze kwa kuogopa kuonekana hana imani.

Na mtoto akipiga kelele katikati ya mahubiri, mama asionyeshwe mlango. Tumevumilia spika mbovu miaka mingapi?

Wazee wa kanisa mnaosoma gazeti hili, katika kikao chenu kijacho ulizaneni ni nyumba zipi za mtaa wenu zina mtoto asiyeletwa kanisani. Nendeni mkawaone wazazi. Wakikubali, nileteeni mimi au mganga wenu majina, maana huenda mtoto huyo hata kadi ya kliniki hana.