MUZIGO UMEFIKA UMEVUNJIKA: TUFANYE NAMNA GANI?



Wengi wenu mumetuuliza: "Ninyi wachoraji, rangi zenu ziko wapi? Maonyesho mulituahidi yatakuwa siku gani?" Leo tunajibu. Tunajibu wazi, sababu feza zilikuwa za kundi lote, na maneno yaliyotupata yanaweza kumupata kila mutu anayekomande kitu mbali: kamba za gitare, vipande vya radio, vitabu, hata viatu vya mupira.

Kwa miezi sita tulitoa franka kidogo kidogo kila juma. Haba na haba hujaza kibaba. Kisha tukakomande kwa mama mumoja muuzaji wa Dar es Salaam: chupa 24 za rangi ya akriliki, visanduku 6 vya guashi kavu, visanduku 4 vya pasteli na burashi 30. Muzigo ulipanda kamio, ukapita Tunduma, ukavuka Zambia, ukaingia Kasumbalesa, ukafika Lubumbashi. Ni kilometa karibu elfu mbili, na kwa njia ile kartoni haisafiri kama mutoto mugongoni mwa mama yake.

Sasa sikieni makosa yetu. Pale depo tulipewa karatasi, tukatia sahihi kwamba tumepokea vitu vizima, na hatukufungua. Furaha ilitupofusha. Tena tulipofika kwenye ngazi za shule, mumoja wetu alijikwaa na kartoni ikaanguka. Tulipofungua tukaona chupa 9 zimepasuka, pasteli zimevunjika, na burashi nyingi zimepinda nywele.

Pale pale ugomvi ukaanza. Wamoja walimugeukia mutunza feza wetu: "Wewe ndiwe ulichagua muuzaji yule!" Wengine walitaka kumupigia yule mama simu na kumutukana. Wengine tena walisema tunyamaze tu, Mungu ataona. Mumoja akaleta shauri ambalo lilitamanisha wengi wetu: "Tupige picha ya chupa zote 9 na kumuambia zilivunjika njiani. Yeye iko mbali, atajua nini?"

Lakini rangi yenyewe ilisema kweli. Ndani ya chupa 7 akriliki ilikuwa imekauka ngumu kama ngozi. Zile zilipasuka siku nyingi mbele. Ndani ya chupa 2 rangi ilikuwa ingali maji, inatiririka kwenye kartoni. Zile mbili ni ngazi zetu zilizivunja. Hakuna mutu aliyeweza kubisha.

Tukaketi na kuhesabu vizuri. Akriliki ikikauka haiwezi kurudi tena, hata ukitia maji. Basi chupa 7 zimekufa kweli. Guashi kavu, hata ikipasuka vipande, ukiitia maji inafanya kazi. Basi hakuna hasara. Pasteli iliyovunjika inaandika bado. Burashi iliyopinda, ukiiosha na sabuni na maji ya vuguvugu, kisha ukinyoosha nywele kwa vidole na kuiacha ikauke, inapona. Hasara tuliyoona siku ya kwanza kuwa mulima, kumbe ilikuwa chupa 7 za muuzaji ao za njia, na 2 zetu sisi.

Tulimuandikia mama yule. Jibu la kwanza: "Vitu vilitoka kwangu vizima, muulize wenye kamio." Tukaenda kwa wenye kamio. Nao: "Mulitia sahihi, tuacheni." Yaani sisi tulikuwa mupira, wao wachezaji. Siku ile tulirudi shuleni na uchungu mwingi.

Mwalimu wetu mumoja akatufungua macho. Inchi yetu iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, na OHADA iko na sheria juu ya kusafirisha bidhaa kwa barabara. Sheria ile inasema: kama uharibifu unaonekana kwa macho, mupokeaji amuandikie musafirishaji si zaidi ya siku ya kwanza ya kazi inayofuata siku ya kupokea. Kama hauonekani inje, yaani umefichwa ndani ya kartoni, iko na siku 7, na siku ya Mungu na sikukuu zinahesabiwa ndani. Tena musafirishaji anaweza kujitetea akionyesha kwamba vitu vilifungwa vibaya. Sisi tulikuwa tumekwisha kupitisha siku 12 katika ugomvi. Siku zile tulizotukanana ndizo zilipunguza nguvu ya dai letu kwa wenye kamio.

Ikabaki muuzaji. Tukamuandikia mara ya pili, sasa bila makelele: "Mama, heshima kwako. Chupa 7 zilifika rangi imekauka, picha ni hizi. Ndani ya kartoni chupa zilikuwa zinagusana, hakuna hata karatasi katikati. Chupa 2 zingine tulizivunja sisi wenyewe, hizo hatukudai." Siku mbili akanyamaza. Kisha akajibu kwa sauti kwenye simu: "Wanangu, kama mumeniambia zile mbili ni zenu, basi na zile saba ninawaamini. Kijana wangu alifunga haraka." Mupaka leo tumepokea chupa 5. Mbili tungali tunangojea, na tunaendelea kumukumbusha kwa adabu.

Basi mawazo yetu ni haya.

Kwanza, usitie sahihi mbele ya kufungua. Kama wenye depo wanakataa, andika juu ya karatasi yao: "sijaangalia ndani," kisha fungua siku ile ile mbele ya washahidi wawili. Piga picha, na usitupe kartoni wala fakture. Mali bila daftari huisha bila habari.

Pili, kudai haki si zambi wala si kukosa adabu. Wengi wetu tumefundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa, na wauzaji wengine wanajua vile. Lakini anayenyamaza anamufundisha muuzaji kufunga vibaya mara ingine tena.

Tatu, dai yote iliyo yako, wala usizidishe chupa hata moja. Tungeongeza zile mbili, pengine tungezipata. Lakini siku yule mama angetambua, angefunga mulango kwa kila mwanafunzi atakayekuja nyuma yetu. Na mutunza feza wetu, ambaye tulimushitaki bure, angeanza kuandika uongo katika daftari letu. Kwake tunaomba musamaha hapa, mbele ya shule nzima.

Ine, kati yenu wako watakaokuwa wauzaji kesho, tena wako wanaouza mandazi leo saa ya mapumziko. Muuzaji muzuri si yule ambaye vitu vyake havivunjiki kamwe. Barabara zetu tunazijua. Muuzaji muzuri ni yule anayefunga kila chupa peke yake, anayejaza nafasi tupu na magazeti ya zamani, na anayejibu wakati anaitwa.

Na maonyesho? Yatakuwa! Katika muji huu wa Lubumbashi, wakati ungali Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mwaka wa 1946, na ndani yake Bela alichora na vidole vyake bila burashi. Miaka ya 1970, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya inchi yetu juu ya nguo za mifuko ya unga. Hatusemi hivi ili muuzaji asilipe. Tunasema hivi ili mutu asikae mikono mitupu akingojea chupa mbili.

Njooni Siku ya Posho ya mwisho wa mwezi, chumba cha mwaka wa ine. Na kila mutu alete gazeti moja la zamani: komande ingine tutamuomba mama atumie karatasi, na sisi tutafunga michoro yetu vizuri kabla ya kuituma mbali.

Ni sisi, kundi la wachoraji.