Himbi: Maji yaliyotulia si maji safi

Robine zikikauka katika kartie Himbi, mjini Goma, akina mama na watoto hushuka ziwani Kivu na bidoni. Wengi huyaacha maji yatulie usiku kucha. Asubuhi mchanga umeshuka chini, maji ya juu yanang'aa, yananywewa. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Mchanga hushuka kwa sababu dunia inauvuta. Mikrobe wa kolera ni mdogo mno, tena ana mkia wa kuogelea. Hatulii chini pamoja na mchanga. Na hata angeshuka, asingekufa.

Sayansi imelipima jambo hilo. Mwaka 2011, watafiti wa Japani wakiongozwa na Shigeru Deguchi walizungusha bakteria katika mashine, wakavutwa kwa nguvu inayopita ile ya dunia zaidi ya mara 400,000. E. coli, anayeishi matumboni mwa watu, aligandamizwa chini lakini akaendelea kuzaana. Kabla ya hapo, Septemba 2006, chombo cha anga Atlantis kilibeba salmonela hadi kule ambako vitu vinaelea. Panya walioambukizwa salmonela hao waliugua vikali kuliko walioambukizwa wale waliokuzwa duniani.

Basi uzito si dawa ya mikrobe. Dawa ni klori, kuchemsha, au kuanika maji maangavu juani kwa saa sita katika chupa inayopitisha mwanga.

Lakini si haki kumlaumu mama peke yake. Makala ni ghali. Mvua hushusha uchafu wa vyoo ziwani bila malipo, ila maji safi hayapandi mlimani bila pampu na umeme. Januari 2025, vita vilipokata umeme, pampu zilisimama na watu wakarudi ziwani.

Goma haihitaji kukumbushwa bei yake. Julai 1994 kolera iliua makumi ya maelfu ya wakimbizi ndani na kandokando ya mji huu.

Kwa hiyo klori inapaswa kutiwa bure katika bidoni, kila siku, pahali pote watu wanapoteka. Kungoja mpaka ugonjwa utangazwe ni kuchelewa. Wenye mamlaka mjini, yeyote awaye, wapimwe kwa hilo. Na mpaka klori ifike, hakuna mkaaji wa Himbi anayepaswa kuyaamini maji kwa sababu tu yanang'aa.